Mgeni Asiyeagwa

Nguo ikifuliwa husinyaa, nyama ikichemshwa hupungua, lakini kipande cha filamu kikishapigwa hakiongezeki hata kwa dawa. Jambo hilo Mkasi alilijua kama alivyolijua jina la mama yake. Kwa hiyo asubuhi alipofungua kompyuta akakuta kipande cha tukio la mganga kimerefuka, hakuogopa. Alijicheka, akajiambia ni usingizi, akaenda jikoni kuomba chai.

Mkasi ni jina alilopewa na watu wa filamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyezikata na kuziunga picha walizopiga wenzake. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, katika chumba cha nyuma ambacho mkewe alikiziba dirisha kwa blanketi zito ili mwanga usiharibu rangi kwenye kioo. Nje jua liwe la kupasua vichwa, mle ndani ni giza tu. Mkewe naye alikuwa mwigizaji. Walimwita Cheko kwa sababu kicheko chake kilimtangulia mlangoni, na picha nyingi nzuri zilirudiwa kwa kuwa alishindwa kujizuia. Filamu waliyokuwa wakiimalizia ilikuwa ya kaka mkubwa wa Cheko, ambaye watu wote, hata mama yao mzazi, walimwita Dairekta.

Dairekta alikuwa na ugomvi wa miaka na sinema za majini. "Majini gani haya ya kupakwa unga usoni?" alikuwa akifoka. "Jini anavaa meno ya plastiki! Watazamaji wetu wanacheka, na wageni huko nje wanatucheka zaidi. Hadithi zetu tuzisimulie wenyewe, tena tuzisimulie kweli." Katika filamu yake bibi harusi anaugua maradhi yasiyojulikana, analetewa mganga, na mganga anamwita jini ajitokeze aseme anataka nini. Cheko akawa bibi harusi. Nafasi ya mganga Dairekta aliwanyima waigizaji wote, akatafuta mganga hasa: bibi mmoja mstaafu, mwenye kikohozi cha kudumu na ulimi mkali, aliyekubali kwa sharti kwamba filamu ikionyeshwa na yeye aalikwe akajione.

Walipiga picha katika nyumba tupu waliyoikodi, Cheko amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba. Bibi akaita kwa maneno yake ya kweli. Watu wakasisimka mwili mzima. Cheko akainua uso taratibu, na kabla Bibi hajavuta pumzi ya kuendelea, Dairekta akapaza sauti, "Kata! Bibi, umeua!"

"Mwanangu, sijamaliza," Bibi akasema.

"Hayo mengine hatuyahitaji, Bibi. Filamu ni ndefu tayari. Ila turudie, kamera isogee. Tayari? Anza!"

Wakarudia. Wakarudia upande wa dirishani, wakarudia upande wa mlangoni, na kila mara ile "Kata!" ilimkuta Bibi mdomo wazi. Mwishowe alipandishwa garini arudishwe kwake, akinung'unika njia nzima, na waliobaki wakakaa kula wakamsahau.

Sasa kile kipande kikawa kinarefuka. Kesho yake Mkasi alikitazama tena, na hakikuwa usingizi. Kwa kawaida mtu akishasema "Kata!" kamera hubaki wazi kidogo tu: fulani anakohoa, mwigizaji anajikuna, picha inayumba, basi. Lakini hapa taa zilizimwa, sauti za watu zikatoka mojamoja, mlango ukafungwa kwa nje, na Cheko bado amekaa kwenye kigoda, peke yake, gizani. Mkasi akasogeza uso karibu na kioo. Alikumbuka vizuri kwamba siku ile mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia chakula.

"Cheko!" akaita.

"Abee," ikajibu sauti kutoka jikoni.

"Hebu njoo uone kitu."

"Nakata vitunguu."

Kweli, kisu kilikuwa kinasikika juu ya ubao, ta, ta, ta. Mkasi akaisimamisha picha ili amsikie vizuri. Kisu kikanyamaza. Akangoja. Hakuna kitu. Akairuhusu picha iendelee, na kisu nacho kikaendelea palepale kilipoachia, ta, ta, ta. Akaisimamisha tena. Kimya. Akairuhusu. Ta, ta, ta. Akaanza kuisikia harufu ambayo kwa wiki nzima alidhani ni ya jirani, harufu ya nguo iliyoungua kwa pasi, na ndipo akakumbuka jambo ambalo mume yeyote angepaswa kulikumbuka mapema: tangu siku ya kupiga ile picha hakuwa amekisikia kicheko cha mkewe.

Akaisimamisha picha kwa mara nyingine, akatembea kwenda jikoni kwa ncha za vidole. Cheko alikuwa amesimama mbele ya ubao, kisu kimeinuliwa. Maziwa yalikuwa yamefura yanamwagika juu ya jiko, mvuke unampanda usoni, wala hakupepesa macho. Mkasi akamsogezea kiganja puani. Hakuwa anapumua. Akamshika bega, likawa gumu na la moto, akakimbia kurudi chumbani akajikwaa kwenye zulia, akabonyeza, na kule jikoni kisu kikashuka ubaoni na sauti ya mkewe ikasema bila wasiwasi wowote, "Maziwa yamemwagika."

Hapo Mkasi aliogopa, na tusimcheke. Wapo wanaume wangeruka dirishani na blanketi lake.

Alimpigia shemeji yake simu akiwa amejificha nyuma ya mlango, mkono mdomoni.

"Shemeji, njoo."

"Kuna nini? Filamu imekwama?"

"Njoo tu. Na usipige honi."

Dairekta alikuja na maneno mengi, kama kawaida yake, lakini alipooneshwa yalimkauka. Mkasi alikuwa amekiweka kipande kijirudie chenyewe bila kukoma, maana hakujua mtu akisimamishwa hivyo muda mrefu huwa anarudi au harudi. Wakakaa bega kwa bega mbele ya kioo. Baada ya mlango wa ile nyumba tupu kufungwa, Cheko wa gizani sasa alikuwa akilia, na midomo yake inacheza bila sauti. Mkasi, ambaye riziki yake ni kutazama midomo ya watu mpaka ilingane na maneno, aliisoma.

"Anasemaje?" Dairekta akanong'ona.

"Anasema, 'Kaka, mbona mmeniacha?'"

Nyuma yao sakafu ikalia. Yule wa jikoni alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, anawatazama wao, hatazami kioo. "Karibu, kaka," akasema. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, "Nimeitwa. Nimekuja. Mbona hamsemi?" Akaweka chai chini, akarudi jikoni. Ile harufu ya nguo iliyoungua ikabaki mle ndani.

Dairekta alikuwa ameloa jasho shati zima. "Kifute," akasema. "Futa kipande chote, sasa hivi."

"Nikikifuta, mke wangu atakuwa wapi?"

Dairekta akarudisha macho kwenye kioo. Huyo aliyefungiwa mle ndani ya picha alikuwa dada yake wa tumbo moja, na ni yeye aliyesema "Kata."

Hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa Bibi. Walimtoa yule wa jikoni kwa kumwambia wanakwenda kumaliza filamu, naye akaja bila ubishi, akakaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Mkasi alikaa mbele na kompyuta magotini, kipande kinajirudia, Bibi anaita, uso unainuka, "Kata!", taa zinazimika, mlango, kilio, na tena Bibi anaita. Betri ilikuwa imejaa walipotoka nyumbani, na hilo likampa moyo kidogo.

Bibi walimkuta anatazama tamthilia, sauti juu. Aliwatupia jicho mara moja. "Mmekuja kunionyesha picha yangu?"

"Bibi, tumepatikana," Dairekta akasema, akapiga magoti.

Walipomaliza kueleza, Bibi alizima televisheni yake, akachungulia dirishani kule garini, akakohoa mpaka machozi. "Niliwaambia sijamaliza. Nikaambiwa nimeua. Nusura muue nyinyi." Akakaa. "Mgeni ukimwita, akifika unamwambia ulichomwitia, kisha unamuaga. Ndiyo adabu, hata kwa jirani. Nyinyi mmemwita, akifika mnamfungia mlango, halafu mnamwita tena. Hata mbwa ukimwita bure atakuuma. Mmemwita mara ngapi?"

Dairekta akataja zile walizorudia siku ya kupiga picha. Mkasi hakusema kitu. Alikuwa akifikiria chumba chake cha nyuma, wiki nzima, asubuhi mpaka jioni, akilirudisha lile tukio mbele na nyuma ili apate mahali pazuri pa kukata, na kila alipolirudisha Bibi akiita, na mkewe akiwa jikoni upande wa pili wa ukuta.

"Basi muage, Bibi," Dairekta akasihi. "Tunakuomba."

"Kumuaga nitamuaga. Lakini atauliza aliitiwa nini, na hapo mimi simo. Mimi nilitamka tu. Aliyeita ni yule aliyesema 'Anza'." Akavaa viatu. "Atamjibu yeye. Tena ampe kazi yenye mwisho, maana jini akipewa kazi isiyo na mwisho hatakuwa na siku ya kwenda kwao."

Njia ya kwenda ile nyumba tupu si ndefu, lakini mchana ule ilikataa kwisha. Palikuwa na foleni, na jua, na wauza maji wanagonga vioo, na Mkasi ameinamia kompyuta huku akiiona alama ya betri ikipungua kuliko ilivyowahi kupungua, kana kwamba kuna mtu wa pili anayenywa kutoka humo humo, na kila alipoinua macho kwenye kioo cha dereva aliuona uso wa mkewe nyuma ukimtazama bila kupepesa, na Bibi pembeni yake anakohoa na kutaja majina chini ya pumzi, na ile harufu imejaa garini hata Dairekta akafungua madirisha yote manne na haikutoka, na alama ikawa nyekundu, na Mkasi akaanza kuomba, mtu ambaye mara ya mwisho kuomba ilikuwa ni kwenye mtihani wa darasani, akaomba kwa sauti, asijali nani anamsikia, Mungu amwachie tu huyu mwanamke arudi nyumbani amcheke kama alivyokuwa akimcheka.

Walipofika, mlango haukuwa na kufuli na chumba kilikuwa vilevile. Kigoda kilikuwa katikati. Mkasi alitafuta tundu la umeme ukutani, akachomeka waya, na umeme haukuwapo. Walikuwa wamerudisha nyumba kwa mwenyewe, naye alikuwa ameukata.

"Haraka," akasema. "Inakufa."

Yule wa jikoni alikwenda kukaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Bibi akasimama mbele yake, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alisema maneno ya kuita, kisha akasema yale ambayo hawakuwahi kuyasikia, yaliyokuwa mengi kuliko ya kwanza, laini, ya kuomba radhi. Madirisha yalikuwa wazi na jua linaingia, lakini chumba kilipoa mpaka pumzi zao zikaonekana. Uso wa Cheko ukainuka.

"Nimeitwa," ikasema sauti, si ya mwanamke wala ya mwanamume. "Nimeitwa, nimeitwa, nimeitwa. Kazi iko wapi?"

"Aliyekuita akujibu," Bibi akasema, akasogea kando.

Dairekta akafungua mdomo. Huyu aliyezoea kuamrisha watu kutoka jua kuchomoza mpaka kuzama, aliyekuwa akipaza sauti akasikika barabarani, hakutoa hata neno. Kwenye kioo cha kompyuta picha ilianza kufifia, na Cheko wa gizani akawa amefika mbele kabisa, ameweka viganja vyake viwili kwenye kioo kwa ndani, anapigapiga, na Mkasi aliviona viganja hivyo na pete aliyomvisha yeye mwenyewe, na akajua kwamba hana muda wa kumngoja shemeji apate ulimi.

"Kutazama!" akapiga kelele. "Uliitwa kwenye filamu. Kazi yako ni kutazama. Nenda ukakae na watazamaji, utazame pamoja nao!"

"Nimepata," sauti ikasema.

Kompyuta ikazimika. Cheko akaanguka kutoka kwenye kigoda kama gunia, akatapika, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa kwenye maji, na akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya puani, anayoionea aibu. "Mbona mliondoka?" akasema. "Niliwaita. Mlikuwa mnakula, nawasikia mnakula." Mkasi alimkumbatia palepale sakafuni. Dairekta alilia ukutani, uso kwenye rangi.

Bibi alisubiri watulie. "Nimesikia umempa kazi," akamwambia Mkasi. "Ya kutazama. Ina mwisho?"

Mkasi alimtazama kwa mshangao. Tangu ujana wake hakuwa na kazi nyingine ila kumaliza filamu. "Bibi, ule mwisho nimeukata mimi kwa mkono wangu. Ina mwisho."

"Haya," Bibi akasema. "Ikiisha nitamuaga. Wewe ndiye unayejua."

Kipande kile kilifutwa, na nakala zake zote, mbele ya macho ya Bibi. Dairekta alikubali, ingawa ndilo lililokuwa tukio lake bora, na mahali pake wakaweka mlango uliofungwa na vilio nyuma yake. Hakuna kuita kokote kulikobaki katika filamu. Bibi alibaki na kipande kidogo tu, anapofika nyumbani kwa mgonjwa na kusalimia. Alinuna kidogo, akasema ilimradi anaonekana. Cheko alianza kucheka tena, kwanza kwa woga, halafu kama zamani. Mkasi alikuwa akiacha kazi na kwenda kusimama jikoni bila sababu, amsikie tu.

Ikafika siku ya kuonyesha. Ilikuwa alasiri, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa ngazini. Walikuja wanafunzi, walikuja waandishi, walikuja akina mama na watoto wachanga mgongoni. Dairekta alikaa katikati na koti jipya. Bibi alikaa safu ya mbele kabisa, amevaa vizuri, miwani puani. Cheko hakutaka kuja. Alikuja kwa ajili ya kaka yake, akakaa nyuma na mumewe, akajifunika uso kwa mtandio taa zilipozimwa. "Siitazami," akasema. "Niambie ikiisha."

Mkasi naye hakutazama. Hilo ni zoea la watu wa kazi yake: filamu wanaijua mpaka wameichoka, wanachotaka kuona ni nyuso. Aliziangalia nyuso katika mwanga wa skrini. Zilicheka alipotaka zicheke. Zilihuzunika alipotaka. Ulipofika ule mlango uliofungwa watu waliinama mbele wote kwa pamoja, na Mkasi akaona fahari, akaminya mkono wa mkewe.

Halafu akasikia harufu. Nguo iliyoungua. Akajiambia ni mitambo ya ukumbini. Lakini kuanzia hapo hakusikia tena kiti kikilia, wala karatasi ya pipi, wala mtu akimnong'oneza mwenzake. Watu wote wale, na hakuna aliyekohoa. Akamtafuta Bibi kwa macho kule mbele. Bibi, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kukohoa, alikuwa ametulia tuli.

Filamu ikaisha. Majina yakapita. Taa zikawashwa, skrini ikawa kitambaa cheupe kitupu.

Hakuna aliyeinuka.

"Imeisha?" Cheko akauliza chini ya mtandio.

"Imeisha."

"Mbona siwasikii wakitoka?"

Mlinzi wa mlango aliingia akipiga makofi. "Jamani, imekwisha, tokeni, kuna watu wanangoja nje." Simu ikalia katika mfuko wa mtu, ikalia mpaka ikakata. Mtoto mchanga akaanza kulia mgongoni kwa mama yake, akalia kwa nguvu, akajirusha nyuma, na mama hakugeuza hata shingo. Safu baada ya safu walikuwa wanakitazama kitambaa cheupe, macho wazi, yamejaa machozi kwa kukosa kupepesa, na Dairekta katikati yao, kinywa kimebaki katika tabasamu. Mlinzi alicheka akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka, akatoka kinyumenyume.

"Usinifunue," Cheko akasema, akaushika mtandio kwa mikono yote miwili. "Mume wangu, wapo ndani, kama nilivyokuwa mimi. Usinifunue."

Mkasi alishuka mbio kati ya viti, akiwagonga magoti watu wasiosogea, mpaka safu ya mbele. Akapiga magoti mbele ya Bibi, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya moto.

"Bibi, nipe maneno," akasema. "Yale ya kuaga. Nitayasema mimi, nitamwambia mimi basi inatosha, mimi ndiye niliyempa kazi. Bibi, nifundishe tu maneno!"

Bibi alitoa mkono wake mmoja taratibu, akamshika bega, akamsogeza kando, kwa sababu alikuwa amemzibia skrini.